Cheche na Ndege ya Dizeli

Mjinga wa siku ile alikuwa Cheche. Tusizungushane wala tusitafute mchawi: si injini, si upepo, si mpwa wake aliyekuwa ameshika usukani. Ni Cheche mwenyewe, fundi wa ndege ndogo mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, mtu aliyeweza kusikia injini ikinguruma upande wa pili wa uwanja akakwambia silinda ipi imechoka, huku anaendelea kupuliza chai yake. Mtu wa namna hiyo akiamua kufanya ujinga, hafanyi wa rejareja.

Jina la Cheche alibandikwa na mafundi wenzake, kwanza kwa sababu ya zile injini za petroli ambazo haziendi bila cheche za plagi, na ambazo hakuna aliyezijua kama yeye. Pili kwa sababu ya mdomo. Cheche alitania kila kinachopumua. Dunia ilikuwa imemzaba vibao vya kutosha: kazi mbili zilimtema, mafuta ya moto yalimbabua mkono wa kushoto hadi kiwikoni, na mke aliondoka na kabati. Akaamua kwamba kama ni kupigwa, basi apigwe anacheka.

Sasa, ndege yenyewe. Ilikuwa ya watu wanne, yenye magurudumu yanayokunjwa, mali ya marehemu shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa. Shemeji alikuwa daktari wa mifugo, anayezungukia ranchi zilizotupwa mbali na barabara yoyote ya maana. Mara mbili yeye na Cheche waliibomoa injini ya ndege ile hadi nati ya mwisho, wakaipanga chini juu ya magunia, wakaifunga tena na ikawaka kwa mshindo wa kwanza. Shemeji alipofariki, binti yake, naye daktari wa mifugo, akarithi mkoba, ranchi za kuzungukia na ndege. Akarithi na shida ya mafuta.

Petroli ya ndege ndogo ilikuwa ya kubembeleza. Ilikuja kwa mapipa, pipa likija lilikuja limechelewa wiki tatu, na likifika linakuta watu sita wamelipangia foleni. Wakati huohuo, mafuta ya ndege kubwa, yale yaliyo ndugu wa mafuta ya taa, yalikuwa yamejaa tele kwenye kila uwanja wenye lami. Na kuna injini za dizeli za ndege ndogo ambazo hunywa mafuta hayohayo bila kununa. Binti alisoma habari zake mwaka mzima. Alipomaliza akaja karakana.

"Mjomba, nataka kubadilisha injini."

"Ya gari?"

"Ya ndege. Naweka ya dizeli."

Cheche akaweka spana chini taratibu, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Dizeli. Kwa hiyo ukifika juu utapiga honi, na ukitua utaajiri utingo wa kuweka mawe chini ya magurudumu?"

"Cheka tu. Inakula mafuta kidogo kuliko hii, na sitasubiri pipa tena. Juzi ng'ombe kumi na wanane wamekufa nikiwa nimekaa hapa nakodolea tangi tupu."

"Na uzito?"

"Imezidi kidogo. Kama abiria mmoja mwembamba."

"Basi tutakuacha wewe chini, iende yenyewe."

"Mjomba! Haina plagi, haina magneto. Inaendeshwa na kompyuta mbili, moja ikichoka nyingine inashika."

"Haina plagi?" Cheche akashika kichwa. "Kapteni, sasa mimi mjomba wako nitakula wapi?"

Binti akacheka hadi akaegemea bawa. Alikuwa akicheka na mjomba wake tangu alipokuwa anapitishwa mle karakana mgongoni. Lakini safari hii kicheko kilifunika kidonda. Injini iliyokuwa inatolewa Cheche aliijua kuliko alivyomjua yule mke wa kabati. Nusu ya siku zake njema na marehemu shemeji zilikuwa mle ndani, kwenye pistoni na mashati ya mafuta. Hilo hakulisema. Cheche alikuwa na maneno ya kila kitu isipokuwa jambo la aina hiyo.

Kazi ya kubadilisha ilifanywa mbali, na mafundi wenye kibali. Baada ya miezi mitatu ndege ikarudi ikiwa na sauti nzito, tulivu, harufu ya mafuta ya taa, na kishikio kimoja cha kuendeshea pale palipokuwa na vitatu. Injini ya zamani ikaja nyuma yake ndani ya sanduku la mbao. Cheche akalisukuma kwenye kona, akalifunika turubai, na asubuhi zingine, akiwa peke yake, alilisalimia.

Binti hakufanya mambo nusunusu. Alimpeleka mjomba wake kozi ya wiki mbili, akarudi na cheti. Akamwekea na kitabu cha injini juu ya meza ya kazi. "Kisome, Mjomba. Kuna mambo ni tofauti kabisa." Cheche akakisoma. Sura ya oili akaisoma, ya vichujio akaisoma, ya gia inayozungusha propela akairudia mara mbili. Sura ya umeme akaipitisha jicho juujuu, akaipa mgongo, maana umeme ni umeme tu. Na kule kozini, somo la betri lilifundishwa asubuhi ya siku ya tatu. Cheche alikuwepo darasani. Alikuwa anawavunja mbavu waliokaa safu ya nyuma.

Tueleze hapa jambo moja, kwa sababu ndilo lililomla. Injini ya petroli ya ndege ndogo ina magneto, kifaa kinachotengeneza cheche zake chenyewe maadamu injini inazunguka. Betri kazi yake ni kuiamsha tu. Ikishaamka, ungeweza kuichomoa betri na kuitupa dirishani, na ndege ingefika iendako. Ndiyo maana miaka yote hiyo Cheche alikuwa na kigari chake, betri mbili za lori juu ya magurudumu ya toroli, na nyaya nene kama kidole gumba. Ndege ikikutwa na betri iliyokufa, anaiazimisha moto, propela inazunguka, anachomoa nyaya, anapiga saluti: "Nenda, itajichaji njiani!" Nazo zilikwenda, na zilirudi.

Injini ya dizeli ya binti haikuwa hivyo. Kompyuta zake mbili ndizo ubongo, na ubongo ule uliishi kwa umeme. Betri iliyokufa haishiki moto kwa dakika tano. Likija jambo la kuvuta umeme mwingi kwa mkupuo, kama kukunja magurudumu, jenereta peke yake inayumba. Ikiyumba, kompyuta zinapepesa. Zikipepesa, injini inazimika. Kitabu kiliandika kwa herufi kubwa, ndani ya kisanduku: betri ikifa, usiazime moto. Ichaji, ndipo uruke. Ilikuwa sura ileile ya umeme.

Jumatatu alasiri, binti akiwa ranchi kwa gari, Cheche alileta mafundi wenzake watatu waione ndege. "Njooni muone lori lenye mabawa!" Akaingia chumba cha rubani, akawasha swichi kuu, vioo vyote vya mbele vikawaka rangi. "Mnaona? Televisheni mbili, abiria asikose tamthilia." Wakacheka. Yeye akacheka kuwashinda. Kisha mmoja akasema chai imeiva, wakatoka wote, na swichi ikabaki imewashwa hadi kesho yake.

Jumanne asubuhi Cheche alifika wa kwanza na kukuta vioo vimelala. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Kimya. Betri ilikuwa imekata roho, na muuaji alimjua.

Binti alikuwa anasafiri siku hiyo. Kwenye uwanja mwingine, mwendo wa saa moja na nusu, walikuwa wanamngoja wenye ndege watatu, waliochoka na mapipa kama yeye, waone injini ya dizeli kwa macho kabla hawajaamua. Kuichaji betri kungechukua nusu siku. Kumwambia kwa nini imekufa kungechukua dakika moja, na dakika hiyo ndiyo Cheche hakuwa nayo. Mikono ikaamua kabla ya kichwa. Akavuta kigari, akaunganisha nyaya, injini ikaamka kwa ulaini kama mtu aliyeguswa bega. Akachomoa, akasukuma kigari nyuma ya mlango.

Binti akafika mbiombio, kofia mkononi. "Umeshaiwasha?"

"Nimekupashia, Kapteni. Imeoga, imekula, inakungoja wewe tu."

Akapanda. Akachukua orodha yake ya ukaguzi, maana hakuruka bila kupitisha kidole kila mstari. Akatoa kichwa nje ya mlango, akapaza sauti juu ya mngurumo. "Mjomba! Betri ilikuwa sawa? Imewaka kwa betri yake?"

Hapo palikuwa na jibu la neno moja. Hapana. Lingetosha.

"Wewe nawe!" Cheche akamjibu kwa sauti. "Mtoto kashazaliwa analia, unauliza kama mama alikuwa na mimba?"

Binti akatikisa kichwa, akacheka. Kioo chake kilionyesha umeme umekaa sawa, kwa kuwa jenereta ilikuwa inazunguka. Akaweka tiki kwenye ule mstari. Aliweka tiki kwa sababu aliyemjibu ni mjomba wake.

Ndege ikateleza, ikashika barabara, ikanyanyuka vizuri mno. Cheche alisimama mlangoni, mkono ukiwa umeshafika kwenye paji la uso kwa saluti. Akaona magurudumu yanaanza kukunjwa. Kisha sauti ikakatika. Haikukohoa, haikupepesuka, ilikatika tu, kama mtu aliyezibwa mdomo. Wakati ule ule Cheche alijua sababu. Wengine pale uwanjani walidhani wamepoteza usikivu. Yeye aliona kile kisanduku cha herufi kubwa, mahali pake kwenye ukurasa, upande wa kushoto.

Binti aliishusha kwa tumbo kwenye shamba la alizeti lililo mbele ya uwanja. Watu wanaojua wanasema wengi wangejaribu kugeuka kurudi na wangekufa. Yeye alikwenda moja kwa moja, akachora mfereji mrefu katikati ya maua, propela ikavunjika, tumbo likachanika, na mguu wake wa kulia ukavunjika sehemu mbili. Cheche alikimbia hadi pale na viatu vya karakana. Alimkuta ameshazima kila kitu, amekaa, jasho linamtiririka, uso wa kijivu.

"Mjomba," akasema, "ilizimika nilipokunja magurudumu." Akamtazama.

Mkaguzi wa ajali alifika mchana. Akapima mfereji, akapiga picha, akafungua kidaftari. "Wewe ndiye fundi wake? Unadhani nini kimetokea?"

Na hapa ndipo ujinga wa kwanza ulipozaa wa pili, mnene kuliko mama yake.

"Injini imezimika," Cheche akasema. "Nilisema toka mwanzo. Dizeli ni ya lori."

Wale mafundi watatu walikuwa wamesimama karibu. "Kweli alisema," mmoja akadakia. "Cheche aliyaona haya." Wakampigapiga mgongoni. Miezi yote hiyo alikuwa anataka mtu amwambie hivyo, na sasa uwanja mzima ulikuwa unamwambia, na kila kofi la mgongoni lilimuuma. Alijichomoa, akaenda nyuma ya banda peke yake.

Siku ya saba dada yake mkubwa alikuja karakana. Mwanamke yule hakuwahi kupenda kufika pale tangu mumewe afariki. Alikaa kwenye kiti cha mbao, mkoba mapajani.

"Mdogo wangu, wamemzuilia leseni."

"Nani?"

"Mwanangu, nani tena? Mkaguzi amezisoma zile kompyuta. Anasema ndege iliwashwa na betri mfu, kwa umeme wa nje. Kamuuliza mwanangu nani kafanya hivyo. Kajibu: rubani ni mimi, ndege ni yangu, andika mimi." Akafungua mkoba, akaufunga bila kutoa kitu. "Wiki ijayo ripoti ikitiwa sahihi hivyo, hatashika usukani tena. Hebu niambie wewe unayejua. Mwanangu yule, anayekagua kiti kabla hajakaa, anaweza kuruka na betri mfu?"

Cheche akafungua mdomo. Mdomo ule uliokuwa haujawahi kumwangusha.

"Hawezi, Dada," akasema.

"Ndivyo nilivyosema!" Dada akainuka, akamshika shavu kama alivyokuwa akimshika utotoni. "Asante, mdogo wangu. Nilitaka nisikie kwako."

Alipokwenda, Cheche alichukua karatasi amwandikie mkaguzi barua. Aliandika, akachana, akaandika. Kesho yake alasiri alikuwa kwenye sebule ya dada yake, barua mfukoni, mguu wa mpwa wake ukiwa mbele yake juu ya stuli, mweupe kwa plasta kama tofali lililopakwa chokaa. Dada alikuwa anapiga pasi karibu na dirisha.

"Kapteni," Cheche akaanza, "naona umejengewa mguu wa ghorofa."

Binti hakucheka. Hilo lilikuwa geni katika nyumba ile kiasi kwamba dada mtu aligeuka kuangalia.

Cheche akatoa barua, akampa. Binti akasoma kimya. Halafu, bila kuombwa, Cheche akaanza kuisema kwa sauti, kwa kuwa kuna mtu mwingine mle chumbani aliyepaswa kusikia. Kwamba swichi aliiacha yeye. Kwamba nyaya aliunganisha yeye. Kwamba mtoto aliuliza, naye akamjibu utani. Pasi ikasimama. Ilisimama pale pale juu ya gauni hadi harufu ya kuungua ikajaa chumba, na hata hapo dada yake aliiinua polepole, akaiweka pembeni. Alimwangalia tu mdogo wake, na Cheche akajua kwamba lile shavu halitashikwa tena kwa muda mrefu.

"Ulijua," Cheche akamwambia binti. "Tangu pale shambani."

"Nilijua."

"Mbona hukumwambia mkaguzi?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akarudi kwenye karatasi, akaigonga kwa kidole. "Aya ya kwanza iko sawa. Hii ya pili ni ya nini?"

Aya ya pili ilisema kwamba, pamoja na hayo, injini isiyoweza kuruka bila betri ni injini dhaifu, na haifai kwa ndege ndogo.

"Nayo ni kweli," Cheche akasema. "Ndege gani inazimika angani kwa sababu ya betri?"

"Ile iliyoandikwa kitabuni kwamba usiiazimishe moto."

"Kitabu! Kila kitu kitabu!"

"Sawa, acha kitabu. Nilikuuliza kwa mdomo wangu."

Cheche akakuna mkono wenye kovu.

"Wale watu watatu wako tayari kubadilisha," binti akaendelea. "Wamenipigia, wanasubiri ripoti tu. Wakiisoma aya hii wanarudi kwenye mapipa, na mimi narudi nao. Ifute, Mjomba."

"Nikiifuta nabaki nini?" Sauti ilimpanda. "Wataninyang'anya muhuri wangu wa ufundi, sawa, wachukue. Lakini mwanangu, nikifuta hiyo, pale kwenye karatasi tunabaki mimi na kigari changu tu. Miaka thelathini na mmoja. Unajua ni ndege ngapi nimeziwasha kwa nyaya zile? Baba yako mwenyewe nilimwazimisha moto sijui mara ngapi, nikampigia saluti, akaenda akarudi akakulea. Wote walikwenda na wote walirudi! Leo unataka nitie sahihi kwamba miaka yote hiyo nilikuwa nakosea?"

Binti akachukua kalamu kwenye meza, akamnyooshea.

"Miaka yote hiyo hukukosea, Mjomba. Ulikosea Jumanne."